Sauti Inayorudi Kesho Yake

Sisi tuliokulia Qurus, huko Karatu, tulijua jambo moja ambalo walimu wa jiografia walikuwa bado hawajalifikia: ukisimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ukapaza sauti, sauti yako haipotei. Inashuka bondeni, inazunguka kreta nzima taratibu, inapita kwa nyati, inapita kwa viboko, inalala hukohuko, na kesho yake asubuhi inarudi kukutafuta popote ulipo. Ukiwa umelala Karatu, inakufuata Karatu. Ukiwa umelala Mbulu itachelewa kidogo, lakini itafika. Aliyenieleza alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, mimi nikiwa la tatu, na darasa la sita kwetu lilikuwa sawa na chuo kikuu. Alisema mjomba wake, mpishi wa watalii, aliita "Chumvi" pale ukingoni jioni moja, na kesho yake, akiwa anapiga mswaki Karatu, akaisikia "Chumvi" ikimwita nyuma ya choo. Niliamini kwa moyo wangu wote, na nawaambia bila haya kwamba niliendelea kuamini hadi Juni iliyopita, nikiwa mtu mzima mwenye mke, watoto na cheti cha kidato cha nne nilichokipata shule ya jioni.

Msidhani niliamini hivihivi tu. Nilifanya majaribio. Kwa kuwa kufika ukingoni kulikuwa ndoto, nilipanda kilima nyuma ya shamba letu jioni moja, nikaelekeza uso upande wa Ngorongoro, nikaita jina langu mwenyewe, Damianoo, mpaka mbwa wa kata nzima wakaanza kubweka na kuku wetu wakasahau njia ya bandani. Kesho yake asubuhi, ukungu bado mzito, nikiwa chini ya blanketi na wadogo zangu, nikaisikia: Damianoo. Niliruka kama nimemwagiwa maji. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akasema ni yeye aliyeniita, tena anarudia, niende kuteka maji. Nikamweleza kwa upole kwamba anajichanganya, kwamba ile ilikuwa sauti yangu ya jana imefika. Mama akasema, "Masikio yako, Damiano, ni debe lisilo na mfuniko. Kila kinachopita kinaingia." Kisha akanipa ndoo.

Na masikio ya kizazi chetu kizima yalikuwa hivyo, maana hatukuwa na runinga ya kutusemea uongo, tukajitengenezea wenyewe. Tulikuwa matajiri wa kila kitu kisichouzwa. Magari yetu yalikuwa ya waya, magurudumu ya malapa yaliyokatwa, na hayakuwa magari ya mizigo, la hasha, yalikuwa ya watalii, kwa sababu hayo ndiyo tuliyoyaona yakipandisha kwenda geti la hifadhi kila siku na vumbi lake. Abiria wetu walikuwa mahindi machanga. Hindi changa lenye nywele ndefu za njano lilikuwa mzungu wa kike, lile lenye nywele chache za kahawia lilikuwa mume wake. Tuliwaendesha wazungu wetu shamba zima tukiwaonyesha simba, yaani paka wa jirani, na tembo, yaani ng'ombe wetu mwekundu, na jioni njaa ikizidi tuliwachoma wazungu tukawala.

Na baridi. Wanaolalamika baridi ya Karatu siku hizi hawajui wanachosema. Juni ya wakati ule maziwa ya mgando yaligoma kutoka kwenye kibuyu mpaka uyabembeleze. Shuleni tulikwenda na kuni kwapani, na sweta moja lilisomesha watoto wawili, mmoja asubuhi, mwenzake mchana. Tukitoka tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ufumuke, kisha tulijazana jikoni kwa mama, moshi ukificha machozi ya mchezo, tukisubiri viazi vitamu viive kwenye majivu. Kula kiazi cha majivuni kulitaka ujuzi: unakirusha mkono huu kwenda huu, unakipuliza, unamtazama mdogo wako asije akamaliza chake kabla. Mama alikuwa akisema, "Kula taratibu, hakuna anayekufukuza." Alikuwa anakosea. Wadogo zangu walikuwa wananifukuza.

Basi nikakua hivyohivyo, na nilipomaliza kidato cha nne, au niseme kidato cha nne kiliponimaliza mimi, matokeo yangu yalikuwa ya mviringo kabisa, hayakuwa na kona hata moja. Nikakaa nyumbani nikichunga ng'ombe wa baba na aibu yangu. Ndipo siku moja akaja Mwalimu Tarsila, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkuu wa kambi ya watoto ya likizo ya Juni. Alitafuta vijana wa kuwa walezi. Hakuuliza cheti. Alimwambia mama anataka kijana mwenye sauti kubwa asiyechoka haraka. Mama akajibu kwamba sauti ninayo, anichukue na masikio yangu.

Nyie mliopita kambi zile mtanielewa, na mliokosa nawaonea huruma. Kambi yetu ilikuwa kwenye shule ya msingi iliyopakana na msitu wa Ngorongoro, pale ambapo shamba la ngano linaishia na miti inaanza. Madarasa yaligeuka mabweni. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni ukaingia mpaka kwenye sufuria ya uji, nasi tukaukoroga humohumo. Kulikuwa na nyimbo, mbio za magunia, kuvuta kamba, maigizo, usafi, sala, na kelele za kuweza kuezua bati. Sisi walezi tulikuwa vijana tuliotoka jana tu utotoni. Watoto walituita kaka na dada, na mara ya kwanza mtoto aliponiita kaka Damiano mbele ya watu, nilirefuka papo hapo, suruali ikawa fupi.

Kila kundi lilikuwa na kaka mmoja na dada mmoja. Kundi letu liliitwa Kiboko, na dada wa Kiboko alikuwa Paskalina, msichana wa Karatu mjini ambaye mama yake aliuza vitunguu sokoni. Paskalina alikuwa kinyume changu katika kila jambo. Mimi nilisema, yeye alifanya. Mimi nilianzisha wimbo, yeye aliona nani haimbi. Hakuamini kitu mpaka akiguse. Nilipomweleza kwamba nyani wa msitu ule walikuwa wanajua Kiiraqw, lugha yetu, aliniuliza wana lafudhi ya wapi.

Sheria za Mwalimu Tarsila zilikuwa chache na hazikuwa na dirisha la kutorokea. Mlezi huamka wa kwanza. Mlezi hampigi mtoto. Na ile iliyotutesa kuliko zote: mlezi hagusi sahani yake mpaka amwone mtoto wa mwisho wa kundi lake akitafuna. "Nimesema akitafuna," Mwalimu alisisitiza, "sikusema akishika kijiko." Mwanzoni niliona ni sheria nyepesi. Watoto wa kwetu, ukiwawekea ubwabwa na maharage, walimaliza kabla hujasema amina.

Lakini mwaka ule ulikuwa wa kwanza kupokea watoto wa wafugaji kutoka Arash, huko Loliondo. Mwalimu Tarsila alikuwa amelipigania jambo hilo muda mrefu. Alikuwa amefika Arash mwenyewe, akakaa na wazazi, akanywa chai yao, akaahidi kwamba watoto wa wakulima na wa wafugaji watalala chumba kimoja na kurudi wazima. Baba wengi walikataa. Wachache wakasema tujaribu, tuone. Wakaja na lori, wavulana kadhaa na msichana mmoja tu, Naserian, wa umri wa miaka kumi hivi, amejifunga shuka jekundu juu ya sweta la shule, na macho yanayoangalia kila kitu mara mbili.

Makaribisho yetu yalikuwa ya kihistoria. Mpishi, kwa nia njema kabisa, aliona wageni wametoka mbali, akawapikia kitu cha pekee: dagaa. Fikiria mtoto ambaye kwao hakuna anayekula samaki, umfungulie sinia lenye mamia ya macho yakimtazama. Wavulana wa Arash walirudi nyuma hatua kama wameona nyoka. Mmoja aliuliza hivi vidudu vilikufa kwa ugonjwa gani. Tukabadilisha haraka, maziwa na ugali vikaletwa, wavulana wakapona. Naserian hakupona. Alikaa na sahani yake mapajani, mgongo umenyooka, hakutafuna.

Jioni hakutafuna. Kesho yake hakutafuna. Alikunywa chai ya maziwa, basi. Nami nilikuwa mlezi wa Kiboko, na mtoto wa mwisho wa Kiboko hajatafuna, na Mwalimu Tarsila ana macho mgongoni. Nilikonda. Nawaambia nilikonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili na kivuli changu kikaanza kupitisha mwanga. Paskalina naye hakula, ila yeye hakulalamika. Alikaa tu karibu na yule mtoto akimenya viazi, hata bila kumsemesha, na wakati mwingine Naserian alichukua kisu akamenya naye.

Ni Paskalina aliyegundua. Chakula hakikuwa tatizo. Nyumbani kwa akina Naserian, jua linapozama na mifugo inaingia bomani, mama yake husimama akawaita watoto wake kila mmoja kwa jina, na hakuna anayeingia ndani kabla hajaitwa. Kambini jioni zilipita, giza likaingia, na hakuna aliyeita. Mtoto alikuwa anasubiri kuitwa. Alimwambia Paskalina kwamba pengine mama anaita kila siku kule Arash na yeye haitikii, na mama atafikiri amekufa.

Mwalimu Tarsila akatukutanisha jikoni. Lori la Loliondo lilikuwa linarudi kesho kutwa baada ya uji. Kama mtoto atakuwa bado katika hali ile, alisema, atapanda lori arudi kwao, hatutamtesa. Tatizo lilikuwa wale wavulana. Walikuwa wamesema waziwazi kwamba walikuja pamoja, wataondoka pamoja. Na wakiondoka wote siku ya nne, ni nani Arash atakayemruhusu mtoto wake tena? Mwalimu alikuwa mama mgumu, lakini siku hiyo nilimwona akifunga na kufungua kifungo cha sweta lake bila sababu. Kisha akanigeukia. "Na kundi lako likivunjika, Damiano, nawe utapanda lori hilohilo. Utashukia Karatu."

Kesho yake ilikuwa siku ya matembezi ya kreta. Tuliwapandisha watoto lorini kama magunia ya mbaazi, tukaimba mpaka getini, tukapanda ule msitu wenye baridi, na tulipofika pale pa kutazamia hapakuwa na kreta. Palikuwa na ukungu tu, kama kuna mtu amemwaga maziwa duniani. Watoto wakanuna. Halafu upepo ukapuliza, pazia likafunguka, na bonde lote likawa chini yetu, kubwa kuliko maneno yangu, na maneno yangu mnayajua. Hata wavulana wa Arash, ambao wameona nchi pana tangu wanazaliwa, walisogea mpaka ukingoni. Mmoja alisema tu kwamba nyasi zile za chini zingemnenepesha ng'ombe mpaka ashindwe kutembea.

Hapo ndipo nilipofungua chuo changu. Nikawakusanya Kiboko wote, nikawaeleza kuhusu sauti inayozunguka usiku kucha na kurudi kesho yake. Nikawaeleza habari za mjomba na chumvi. Nikawaeleza majaribio yangu mwenyewe ya Qurus. Watoto wakajipanga ukingoni. Mmoja akaita jina lake, mmoja akaita biskuti, mmoja akamtukana mwalimu wake wa hesabu akijua yuko mbali. Naserian alisimama nyuma ya wote. Kisha akaja mpaka pembeni yangu.

"Ikirudi," aliuliza kwa Kiswahili chake cha darasani, "inakuwa imefika kwa mama?"

"Imefika," nikasema. "Haiwezi kurudi kabla haijafika."

Paskalina akanigusa kiwiko. "Damiano, una hakika?"

"Nimeisikia kwa masikio yangu. Kamuulize mama yangu."

Naserian akatazama kule ng'ambo, juu ya milima, ambako mbali zaidi kuna Arash. Akaweka mikono kinywani, akaita: "Yeyoo." Ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. Nimesikia honi za mabasi, nimesikia kwaya ya Pasaka, sijasikia kitu kama kile. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyezoea kugeuza kundi la ng'ombe lililoko kilima cha pili. Nadhani faru wa bondeni aliinua kichwa. Watalii waliokuwa pembeni waliacha kupiga picha. Kisha Naserian akashusha mikono na kuniambia bila hasira yoyote, "Kesho isiporudi, ninapanda lori."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa mtu mwenye amani. Paskalina alikaa karibu yangu, akaniuliza sauti hurudi saa ngapi. Nikasema kabla ya uji. Akauliza hutokea upande gani. Nikasema upande wa msitu, kwani kreta iko huko. Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilifurahi, nikasema moyoni, hatimaye dada huyu anajifunza.

Asubuhi ile siisahau. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wa shule alionekana miguu tu. Lori lilikuwa limewashwa, linapasha injini. Wavulana wa Arash walikuwa wamesimama na mizigo yao. Naserian alikuwa mbele, kafurushi kwapani, uso ameuelekeza msituni. Watoto wote wa Kiboko walikuwa wamesimama naye, na watoto wa makundi mengine wakaja, maana habari ya aina hiyo haina mlango. Mwalimu Tarsila alisimama na upawa wa uji mkononi, asijue acheke au anifukuze. Hakuna aliyekohoa. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikapatwa na wasiwasi. Vipi kama imepotea njia kwenye ukungu?

Ndipo ikaja. Kutoka juu, kule shamba linakoishia na msitu unapoanza, nyembamba, ndefu, imelowa umande: "Yeyoo."

Watoto walipiga kelele ya furaha iliyotisha kunguru wa wilaya nzima. Mimi nililia, sifichi. Naserian hakupiga kelele. Alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akageuka akatutazama sisi tuliosimama pale, uso mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayekagua mifugo mlangoni mwa boma. Alipomaliza kutukagua, akaweka furushi chini, akaenda kwenye sufuria, akachukua kikombe cha uji na kiazi. Akatafuna. Wavulana wakatupa mizigo yao. Dereva akazima injini ili ajue kuna nini, na mimi nilikula viazi ambavyo mpishi aliniambia baadaye vilikuwa vya kambi nzima.

Paskalina alitokea tumeshamaliza. Khanga yake ilikuwa na matope mpaka magotini, viatu vimelowa, na alisema alikwenda kutafuta kuni. Hakuwa na kuni. Mwalimu Tarsila alimkaripia mbele ya wote kwa kuwaacha watoto asubuhi muhimu kama ile, akamwadhibu kuosha masufuria yote. Na mimi, rafiki yake, nilimfuata pale kwenye masufuria siku nzima nikimweleza alichokikosa. Nilimwigizia. Nilimwonyesha jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyoshuka, jinsi watoto walivyoruka. Alisugua sufuria akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama kikohozi, kwamba aliisikia kwa mbali. Siku mbili hakuweza kuongoza wimbo hata mmoja. Nikamshauri avae sweta.

Watoto wa Arash walikaa mpaka mwisho. Mwaka uliofuata walikuja wengi zaidi, wakiwa na wasichana, na mwaka wa tatu tukahitaji malori mawili. Nilifanya kazi kambi zile Juni baada ya Juni, na kama mimi leo ni mtu wa kusimama mbele ya watu, nilitengenezwa kule. Leo ni mwenyekiti wa mafundi wa gereji pale Karatu. Fundi mkaidi na springi ya Land Cruiser iliyovunjika havinitishi, kwa kuwa nimewahi kuwalaza watoto wa madarasa manne siku ambayo mmoja wao amesema ameona chui dirishani. Gereji yetu ina sheria: hakuna fundi mkuu anayekula kabla hajamwona mwanagenzi wake anatafuna. Wageni hutucheka. Nasi hatujawahi kupoteza mwanagenzi.

Hata shule ya jioni ilitoka kambini. Watoto wale waliuliza maswali mpaka jasho likanitoka. Kaka, ukungu unatoka wapi? Kaka, kwa nini kreta haijai maji? Nilikuwa na majibu, nyie mnanijua, ila niliona Paskalina akinitazama kila nilipojibu. Nikajiandikisha. Mchana nilikuwa chini ya magari, jioni nilikaa dawati moja na baba mmoja mwenye mvi aliyekuwa akisoma kitabu kilekile na mwanawe, na alikuwa ananakili kazi ya mwanawe. Paskalina naye alikwenda kusoma, akawa mtendaji wa kata upande wa Mbulu. Wananchi wake wanasema ni kiongozi wa ajabu kidogo, maana haonekani kwenye jukwaa, ila jambo likikwama, asubuhi unakuta limekwamuka.

Juni iliyopita nikampeleka mwanangu wa kwanza kambini. Kambi ni ileile, miti ni ileile, ngano ileile. Mkuu wa kambi sasa ni Naserian. Ni mwalimu kamili, mrefu, amevaa koti zito na shanga, na ukiingia getini kwake unajikuta umechomekea shati. Watoto wa Arash na wa Qurus walikuwa wanavuta kamba pamoja wakitukanana kwa lugha zote mbili. Moyo wangu ulijaa. Walezi wake vijana, lakini, niwasemeje? Wamependeza, wana simu za kioo, wanapiga picha za uji kabla ya kuunywa. Mmoja aliwaita watoto kwa kipaza sauti cha betri, mita chache tu kutoka alipo. Nikamwambia enzi zetu tuliita kwa kifua. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Sasa baba, kifua kikiisha chaji?"

Nikaomba nizungumze na watoto. Nikawasimulia habari ya sauti, yote, kuanzia chumvi mpaka Yeyoo, nikiongeza viungo pale vilipohitajika. Walicheka. Walezi walicheka zaidi. Mmoja alitoa simu akamtumia mama yake ujumbe wa sauti palepale, "Mama, nakusalimia," na jibu likaingia kabla hajairudisha mfukoni. Akanionyesha, kama anayenionea huruma. Nilitazama ile simu. Ni kweli, siku hizi sauti hairandi bondeni. Inakwenda na kurudi kabla hujameza mate, na hakuna anayesimama asubuhi kwenye umande akiwa ameshika furushi, anasikiliza. Sisemi ni vibaya. Mama zao wanajua kwamba watoto wako hai, na hilo ndilo tulilolitaka wakati ule. Lakini sikuona hata mmoja aliyenyamaza kusubiri, na ule ukimya wetu wa kusubiri ulikuwa mtamu, ulitufanya tushikane mikono bila kuambiwa.

Naserian alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho, ameegemea nguzo, anatabasamu. Baadaye alinichukua mpaka jikoni akanimiminia chai ya maziwa. Nikamwambia, mwenzangu, wewe ndiye shahidi wangu, waambie hawa vijana kwamba ilirudi. Akakaa mbele yangu. Akaniuliza kama ni kweli bado naamini. Nikasema nitaachaje kuamini kitu nilichokisikia. Akaweka kikombe chini.

"Sauti hairudi kesho yake, kaka Damiano. Ile ilikuwa ya dada Paskalina. Niliijua hapohapo, nikawatazama wote, nikaona ni yeye tu hayupo. Nikajua nikipanda lori, atashuka kutoka msituni asinikute."